Nyuzi moja na nusu, mwanangu

Mikindani, Novemba

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako limetulia, mbuzi wa jirani bado anakula mchicha wangu na jirani bado anaapa si mbuzi wake. Barua nimeitia ndani ya mfuko wa korosho kwa sababu kwenye simu hukuniachia nafasi. Nilikuwa nakueleza habari ya joto la dunia, ukacheka: "Mama, nyuzi moja na nusu? Mimi huku Mbeya natoka asubuhi na sweta, saa saba nimeshalivua, zimepanda 12 na hakuna aliyekufa." Kisha salio likakata. Nimefundisha sayansi miaka 31, halafu mwanangu mwenyewe ananijibu hivyo! Kaa kitako basi, simu iweke pembeni.

Wewe unasema joto la siku, mimi nasema wastani. Hiyo moja na nusu ni ya dunia nzima, bara na bahari, usiku na mchana, mwaka mzima, ikilinganishwa na ilivyokuwa kati ya 1850 na 1900. Wastani wa namna hiyo ni mzito kusogea. Miaka kama 20,000 iliyopita barafu ilifunika sehemu kubwa ya Amerika ya Kaskazini na kaskazini mwa Ulaya, na tofauti ya wakati ule na ule wa babu zetu ilikuwa nyuzi kati ya 5 na 7 tu. Kupanda ngazi ile kulichukua maelfu ya miaka. Sisi tumeshapanda zaidi ya nyuzi 1 kwa muda wa vizazi vichache, na mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kuvuka 1.5. (Usiseme sasa mkataba wa Paris wa 2015, ule ambao nchi ziliahidi kujitahidi zisivuke hiyo 1.5, umeshavunjwa. Kipimo chao ni wastani wa miaka mingi, mwaka mmoja hautoshi.)

Unalikumbuka lile darasa langu la mwisho, wanafunzi 90? Muhula mmoja wastani ulipanda alama 3. Mwalimu mkuu hakushtuka. Lakini waliopita 80 walitoka 4 wakawa 9. Katikati hapakuonekana kitu, ila kule pembeni idadi ilizidi maradufu. Na joto ndivyo lilivyo. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, IPCC, wamepiga hesabu: joto kali la aina iliyokuwa ikija mara moja katika miaka 10 zamani, dunia ikipanda nyuzi 1 linakuja karibu mara 3, ikipanda 1.5 linakuja mara 4, ikifika 2 linazidi mara 5. Kutoka 1.5 hadi 2 ni nusu tu, baba. Nusu hiyo hiyo unayoicheka.

Nikupe na la kuona kwa macho. Mwaka 1998 ulikuwa mgongoni kwangu, hujatimiza mwaka. Bamvua moja, masika yanaishia, nikatoka na bibi yako kwenda mwambani kuchokoa pweza. Maji yalikuwa yamepwa sana. Bibi yako alitangulia na kile chuma chake, mimi nyuma na raba zilizotoboka. Akasimama ghafla. "Nani kamwaga chokaa huku?" Nikatazama. Mwamba wote ulikuwa mweupe. Yale matumbawe ya kahawia, ya zambarau, ya rangi ya tangawizi mbichi, yote meupe pe, kama yametoka tanurini. Na kweli chokaa ya tanuri hutokana na matumbawe hayo hayo, kwa hiyo bibi yako hakukosea sana. Nikatia mkono kwenye kidimbwi: vuguvugu, kama maji niliyokuogeshea asubuhi ile. Tulipata pweza wawili, kila mmoja wa kujaa kiganja, tukarudi hatusemi. Mtaani wengine wakasema meli imemwaga sumu, wengine wakawatupia lawama wanaovua kwa baruti.

Mimi mwenyewe, mwalimu wa sayansi, sikuwa na jibu. Nimekuja kulisoma baadaye. Tumbawe ni mnyama, mdogo mno, na ndani ya mwili wake anaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo ndio unaompikia chakula kwa mwanga wa jua, na rangi zile nyingi hutoka kwake. Bahari ikizidi nyuzi 1 tu juu ya joto lake la kawaida la kilele cha kiangazi, na ikakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe humtema mpangaji wake. Kinachobaki ni mwili usio na rangi juu ya mfupa. Joto likishuka upesi, mwani hurudi. Likikawia, tumbawe hufa kwa njaa, na tuliporudi bamvua zilizofuata tulikuta sehemu nyingi zimeota ukoga wa kahawia, zinateleza. Mwaka ule yalikufa Mafia, yakafa Shelisheli, yakafa Maldivi. Tangu hapo balaa hilo limeikumba dunia mara nyingine, na Aprili 2024 wataalamu walitangaza la nne. Wale wale IPCC wanasema kwenye 1.5 matumbawe ya dunia yatapungua kwa asilimia 70 hadi 90, na kwenye 2 ni zaidi ya 99. Nadhani sasa unaona kwa nini watu wazima wanagombania nusu kwenye mikutano.

Ni kama barafu ya kwenye deli la muuza samaki. Chini kidogo ya sifuri ni jiwe, juu kidogo ni maji, na samaki ananuka. Viumbe vingine vimekaa ukingoni hivyo tangu zamani, hatukujua tu.

Mvua nayo. Hewa ikipanda nyuzi 1 inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na ilichobeba itakuja kukitua. Wewe ulilala kwenye basi Somanga Mei 2024, barabara imekatika, ukanipigia kuomba dua. Sisemi kimbunga Hidaya cha siku zile kililetwa na joto hili. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akihadithia kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952, jinsi mabati yalivyoruka kama karatasi, na wakati ule nani alisema habari za tabianchi? Vimbunga vilikuwepo. Ninachosema ni kwamba chombo kile kile sasa kinakuja na shehena kubwa zaidi.

Kwenye korosho huwa nasita. Kuna watu hapa kijiweni wakikuta ubwiriunga, ule ugonjwa wa ungaunga mweupe, kwenye maua wanasema tabianchi, wakichelewa kupata dawa yake ya salfa wanasema tabianchi, hata bei ya mnada ikishuka ni tabianchi! Nimewaambia ubwiriunga tulikuwa nao tangu mimi msichana. Ila mwaka huu mvua imetunyeshea Oktoba, korosho zimejaa chini ya miti, hatujamaliza kuokota. Tumeanika sebuleni, tumeanika mpaka juu ya kitanda chako. Baba yako anazigeuza kwa ufagio usiku kama mlinzi. Hata hivyo zipo zilizobadilika rangi, na ghalani wakaziweka daraja la pili. Mvua moja kama hiyo sina ushahidi wa kuifunga na chochote, wala sikufundishi kudanganya. Nakuhadithia tu ilivyokuwa.

Kile kipimajoto cha kioo nilichoaga nacho shuleni ninacho bado. Bamvua ijayo nitashuka nacho mwambani, mjomba wako kasema atanishika mkono. Nikipata namba nitakuandikia.

Kondakta nimempa kilo mbili. Basi litapitia Masasi, Tunduru na Songea, ukalisubiri stendi usimsumbue mtu. Korosho nyeupe nimeziweka juu, hizo ni za wakwe. Zile zenye madoa chini ndizo zilizonyeshewa. Anza na hizo, hazikai.

Mama yako