Swala alikosa nini?

Halima ndugu yangu,

Salaam aleikum. Natumai mama anaendelea vizuri na yale macho yake, na kwamba shemeji amesharudi safari. Sisi huku wazima. Umenyamaza, nami nimenyamaza, basi tusidaiane. Nina jambo linalonikosesha usingizi, yaani kwa nini wanyama wasio na kosa wanateseka, na kati ya watu wote ninaowajua, wewe na baba yako mdogo ndio mnaoweza kunisaidia.

Unajua vijana wa Jumapili ninawafundisha mimi tangu Mchungaji ahamishwe. Juzi tulikuwa kwenye Mwanzo sura ya 3, ile laana, ardhi kuota miiba na michongoma. Mdogo wake Stella, yule mkimya, akanyoosha mkono akauliza, "Swala alikosa nini?" Alikuwa ameona filamu ya mbwa mwitu wanamla swala huku swala mwenyewe bado anajaribu kusimama. Sijafungua mdomo, mzee mmoja aliyekaa nyuma akajibu kwamba ni dhambi ya Adamu, viumbe vyote vilianguka pamoja naye, na somo liendelee. Binti akakaa. Jibu halikumwingia, nilimwona. Wala mimi halijaniingia, na nimemwahidi kwamba Jumapili ijayo tutalirudia swali lake.

Ninavyoona mimi, jibu la Adamu lina mlango mzuri wa kuingilia. Mwanzo 1:30 inasema wanyama walipewa majani kuwa chakula, na Isaya anaona siku ambayo mbwa mwitu atakaa na mwana-kondoo. Kwa hiyo mtu anasema: mwanzo ulikuwa wa amani, mwisho utakuwa wa amani, hapa katikati tumeharibu sisi. Lakini angalia mifupa iliyochimbwa ardhini. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na kwenye mifupa yao kumekutwa alama za meno, majeraha yaliyopona, hata uvimbe wa saratani. Binadamu wa kwanza wa aina yetu hana zaidi ya miaka laki tatu hivi. Wale walilipia dhambi ya nani? Hata Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, bila kujua habari za mifupa hiyo, alikataa kwamba dhambi ya mtu iligeuza tabia ya wanyama. Alisema simba na mwewe wangekula nyama hata kama Adamu asingeanguka. Mzee wetu angeshangaa kusikia hivyo.

Halafu hata tukiacha mifupa, ni haki gani hiyo? Mtu akose, swala araruliwe?

Wapo wanaosema mnyama haumii kwa kweli. Mwanafalsafa Descartes wa Ufaransa alifundisha kwamba mnyama ni kama mashine, hana nafsi ya kuhisi chochote. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mbwa mgonjwa anajua si kweli, na mwaka 2012 kundi la wanasayansi walikutana Cambridge wakatamka wazi kwamba mamalia na ndege, na hata pweza, wana mifumo ya ubongo inayowezesha fahamu. Hilo sitamwambia binti. Itakuwa kumwambia kwamba macho yake yalimdanganya.

Jibu la maumivu kuwa mlinzi ninaliheshimu zaidi. Wapo watu wanaozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu, nao huungua na kujing'ata ulimi na kuvunjika mifupa bila kujua, wengine wakiwa watoto bado. Mungu, wanasema, hawezi kumpa swala mwili wa kukimbia hatari bila kumpa na uchungu. Sawa. Lakini swala akishaangushwa chini, miguu haina kazi tena, pa kukimbilia hakuna, ule uchungu unaoendelea unamlinda na nini? Hapo ndipo wote wanaotoa jibu hilo wananyamaza, au wananiambia ni siri ya Mungu.

Ngoja nikueleze nilichokiona mwenyewe kwenye mti ulio dirishani kwangu. Kiwavi mnene wa kijani, mgongoni amebeba vifuko vyeupe vidogo vimesimama wima kama punje za mchele. Nilidhani mayai yake. Kumbe ni watoto wa nyigu. Nyigu mama humchoma kiwavi na kutaga mayai ndani ya mwili wake, watoto wakitoka humla taratibu kwa ndani, wanakula mafuta na maji ya mwili na kuacha viungo vya uhai, ili nyama isiharibike kabla hawajakomaa. Kisha hutoboa ngozi, wakajisokotea vile vifuko. Nilimgusa kwa kijiti. Aliinua kichwa, Halima. Kiwavi anahisi kiasi gani wataalamu bado wanabishana, lakini kichwa aliinua.

Mwaka 1860 Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alimwandikia rafiki yake Asa Gray, mtu wa imani, kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote aliwaumba nyigu wa namna hiyo kwa makusudi. Sikusoma hayo kwa hasira. Nilisoma kama mtu anayesikia swali la yule binti kwa mara ya pili. Nami bado ninaamini, ujue, sijatikisika. Ninachokataa ni majibu yanayomfanya mnyama kuwa chombo cha hadithi yetu: adhabu yetu, somo letu, mtihani wetu. Yeye mwenyewe yuko wapi? Mungu amemwandalia nini yeye?

Ndiyo maana nimekukumbuka wewe. Miaka ile tukiwa chumba kimoja ulinisomea Hadithi ya Mtume, ile iliyo katika mkusanyo wa Sahih Muslim, kwamba Siku ya Kiyama haki zitarudishwa kwa wenyewe, mpaka mbuzi asiye na pembe atalipiwa kisasi chake kwa mwenye pembe. Nilikusikiliza kwa adabu tu, nikasahau. Sasa imenirudia kwa nguvu. Maana hapo mnyama ana kesi yake! Anaitwa kwa ajili yake mwenyewe. Na Kurani yenyewe, sura ya 6 aya ya 38, inasema wanyama na ndege ni umma kama ninyi, na kwa Mola wao watakusanywa. Nimesoma pia kwamba Mu'tazila, kundi la kale la wanateolojia wa Kiislamu, waliona ni wajibu wa Mungu kumlipa fidia kila kiumbe aliyeteswa bila kosa, mnyama akiwemo, na Ashari, kundi jingine, wakawapinga wakasema Mungu hadaiwi na yeyote, vyote ni milki yake. Ninaelewa hofu ya Ashari. Lakini moyo wangu uko na wale wa kwanza.

Kwetu pia yupo aliyesema hivyo. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, mwaka 1781 alihubiri kwamba wanyama watarejeshwa na kupewa furaha kuliko waliyokuwa nayo, kama malipo ya mateso yao. Alitegemea Warumi 8, pale viumbe vyote vinapougua na kuwa na utungu. Na Ayubu! Mungu anamjibu Ayubu kwa kumwonyesha simba anayewinda na makinda ya tai yanayofyonza damu, hafichi kitu, wala hasemi ni kosa la mtu. Haelezi sababu, lakini anaonyesha kwamba anawajua mmoja mmoja. Nataka kumsomea binti sura hizo, za 38 na 39, polepole, halafu nimwambie kwamba swala hakukosa kitu. Kwamba ninaamini Mungu ana deni naye, na deni hilo atalilipa. Najua neno "deni" litawakera baadhi. Nitalisema hivyo hivyo.

Ila kuna mahali nimekwama. Wafasiri wenu wa Kurani wanasimulia kwamba baada ya kulipizana wanyama wataambiwa wawe udongo, na hapo ndipo kafiri atasema laiti naye angekuwa udongo. Hebu mwulize baba yako mdogo: je, hayo ndiyo mafundisho ya wote, au wapo waliosema wanabaki na kupewa neema? Kisasi tu bila uhai kinamfaa nini aliyeraruliwa? Na yule mwenye pembe naye, si aliumbwa na pembe? Je, mbwa mwitu atashtakiwa kwa kuwa na njaa? Wewe mwenyewe unasemaje, maana hujawahi kuniambia? Wanao wakikuuliza unawajibu nini? Na yule mwanafunzi wa baba yako mdogo aliyekwenda kusomea falsafa ya dini, bado mnawasiliana?

Nijibu kabla ya Jumamosi, hata kwa mistari michache. Ukiona simu ni rahisi, piga usiku, watoto wakishalala.

Msalimie mama, umwambie namwombea macho yake.

Ndugu yako,
Rehema