YAH: Tulilipia Sanje, mkatuonyesha kupitia dirishani

Dar es Salaam,
18 Agosti 2025

Meneja,
Kitengo cha Safari za Ndani.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA MAPOROMOKO YA SANJE, JUMAMOSI 16 AGOSTI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na rafiki yangu tulilipia kwenu safari ya siku moja kutoka Morogoro hadi maporomoko ya Sanje, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Shilingi 180,000 kila mmoja, kwa lipa namba yenu. Ujumbe wa malipo ninao. Sanje hatukuikanyaga.

Nalazimika kueleza yote kwa maandishi kwa sababu binti aliyepokea simu yangu jana alinisomea alichoandika: "Mteja hakufurahia maporomoko." Sikusema hivyo.

Ijumaa jioni tulipanda treni ya SGR, tukalala Kihonda kwa shangazi wa rafiki yangu ili tusiwacheleweshe. Mlisema gari litatuchukua saa 11 alfajiri. Saa 11 tulikuwa getini, viatu tumefunga, chapati za shangazi ziko begini. Gari lilifika saa 2 kasoro robo. Dereva alisema amechelewa kwa kuwa alikuwa analiosha. Vumbi lililokuwa kwenye vioo vyake sijui lilitoka wapi.

Kipande cha barabara kinachokatiza Hifadhi ya Mikumi hakina namna ya kufidia muda, vibao vya mwendo viko wazi na faini ya kugonga mnyama kila dereva anaijua. Hapo sina lawama. Lawama inaanza Mikumi mjini, dereva wenu aliposimama kupakia abiria wawili na magunia mawili ya mtu. Tangazo lenu linasema "gari lenu peke yenu". Rafiki yangu alisafiri hadi Kidatu akiwa amekunja magoti juu ya gunia.

Tulipovuka Kidatu tairi likapata pancha. Spea ilikuwepo, ila haina upepo. Dereva akalibeba tairi kwenye bodaboda kumtafuta fundi, nasi tukakaa saa moja na nusu kando ya mashamba ya miwa. Zile chapati ziliishia hapo, jambo ambalo lilikuja kutugharimu baadaye.

Kutokea upande wa Mikumi, kijiji cha Sanje kinatangulia kabla ya Mang'ula. Tulipokuwa tunakipita dereva akanyoosha kidole: "Ile pale." Juu kabisa, katikati ya msitu, palikuwa na uzi mweupe unaoning'inia mlimani. Rafiki yangu aliupiga picha kwa simu, gari likiwa linatembea. Ndiyo picha pekee tuliyonayo ya Sanje.

Ofisi za hifadhi Mang'ula tulifika saa 7 na nusu mchana. Askari wa hifadhi alituelewesha kwa upole kwamba njia ya Sanje huchukua kama saa nne, huanzwa asubuhi, na kwa kuwa Udzungwa hakuna barabara ndani, ukikutwa na giza njiani utarudi kwa miguu hivyo hivyo. Alikuwa sahihi. Kama kuna mtu aliyefanya kazi yake siku ile, ni yeye.

Dereva akapiga simu ofisini kwenu, akanipa niongee. Sauti ya mwanamume ikaniambia: "Dada, hapo hapo Mang'ula kuna maporomoko mengine, nendeni hayo. Maporomoko si maporomoko tu?"

Tukaenda. Ni ya Prince Bernhard, yaliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyezindua hifadhi mwaka 1992. Njia yake ni kama kilomita moja. Ni pazuri, kivuli na maji baridi, na ningelipia kwa furaha kuyaona kama ningeambiwa ndiyo ninayouziwa. Ninyi mliniuzia mita 170 za maji yanayoshuka kwa ngazi, kuogelea bwawani, kuona bonde la Kilombero kutoka juu, na bahati ikiwepo, kima aina ya mangabei wa Sanje, ambaye wataalamu hawakumfahamu hadi 1979. Yote hayo yameandikwa kwenye tangazo lenu, chini ya picha ya Sanje. Sisi tulitembea chini ya saa moja.

Rafiki yangu ni muuguzi. Jumamosi ya kupumzika huipata moja kwa mwezi, na mwezi mzima alikuwa akipanda na kushuka ngazi za ghorofa ya nne Kariakoo kujiandaa na mlima huo.

"Chakula cha mchana" kilikuwa ndizi mbivu mbili na chupa moja ya maji, kwa watu wawili. Morogoro tulirudi saa 4 usiku.

Naomba mturudishie shilingi 360,000 zote ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Kiingilio mlichotulipia sitakigombania. Mkitaka kukikata, nileteeni risiti ya hifadhi, si makadirio. Pia naomba maelezo ya maandishi kuhusu abiria wale wawili: nauli yao ilikwenda kwa nani? Siku hizo zikipita kimya, nakala ya barua hii pamoja na picha ya tangazo lenu nitazipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji.

Binti wa simu alinidokezea kwamba huenda mkatupa "safari nyingine ya bure". Asante, hapana. Mwezi ujao tunapanda basi la Ifakara pale Msamvu, tutashuka Mang'ula, tutalala hapo, na asubuhi tutaomba mwongoza njia sisi wenyewe.

Wenu mteja,
(Sahihi)

Viambatisho: ujumbe wa malipo, picha ya tangazo, na ile picha ya dirishani.