Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mnara wa Mtambo wa Upepo

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu cha mafundi chuma hapa Moshi kilielekeza mafunzo yake kwenye mnara, kwa kuwa wengi wetu tulikuwa tukijadili mapanga na jenereta tu, ilhali kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili nguvu yake huongezeka mara nane, na upepo wenye kasi uko juu.

Kikwazo cha kwenda juu ni barabara. Mnara wa bomba la chuma ukirefushwa hauna budi kutanuliwa kitako, lakini kipande chenye kipenyo kinachozidi mita 4.3 hivi ni shida kupita chini ya madaraja. Jirani zetu wa Kenya, ili kufikisha mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana, walitengeneza upya zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis.

Ndiyo maana navutiwa na miundo inayobebeka vipande vipande. Huko Skara, Sweden, mwaka 2023, kampuni ya Modvion ilikamilisha mnara wa mita 105 uliojengwa kwa tabaka za mbao nyembamba zilizogundishwa. Huko Laasow, Ujerumani, mwaka 2006 ulisimamishwa mnara wa fremu za chuma uliobeba mtambo kwenye kimo cha mita 160. Mimi naegemea huu wa pili, kwani vyuma vyake hubebwa na lori la kawaida na kazi yake inafanana na ya karakana zetu, ingawa boliti zake ni nyingi na zinahitaji kukaguliwa daima.

Hilo la boliti tulilionja wenyewe. Katika mnara wetu wa mafunzo, kipande cha tatu kilikataa kukaa: matundu yalipishana kwa milimita tatu, kwa sababu kila upande ulitobolewa kwa vipimo vyake. Baadhi yetu walishauri tuyapanue kwa gesi. Nilikataa, kwa kuwa boliti iliyo ndani ya tundu pana hucheza kila upepo unapogeuka, na chuma huanza kuchoka hapo hapo. Tulikishusha kipande, tukakata kiolezo cha bamba nene, tukatoboa upya. Kiolezo hicho nilipaswa kukiagiza kabla ya kazi kuanza, na ucheleweshaji huo ni wangu.

Hesabu zitasomwa na mtunza hazina. Kwa upande wangu naomba mkutano uidhinishe ununuzi wa spana ya kupimia mkazo wa boliti, pamoja na winchi ya kuinulia mnara wenye bawaba kwenye kitako, ili tusitegemee kreni ya kukodi.