Makocha wa watoto, kufoka sio kufundisha

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako maana hili jambo linaniuma kila Jumamosi nikiwa uwanjani na mwanangu huku Mbagala.

Dogo ana miaka 12, ni winga, mpira ameupenda mpaka analala na jezi. Timu aliyoanzia kocha alikuwa anafoka mwanzo mwisho, ukipoteza mpira mara moja unatolewa hapohapo halafu benchi unaambiwa we mzigo, wenzako wote wanasikia, na kibaya zaidi mtoto wa miaka 12 anatishiwa eti kwa mchezo huo Simba na Yanga utazisikia kwenye redio tu. Miezi miwili haikuisha mwanangu akawa hapigi tena chenga, kila mpira anamrudishia beki, nikamuuliza vipi mbona hivyo, akanijibu "baba nikirudisha nyuma sitolewi". Nililia siku ile, sifichi.

Wapo wanaosema bila kufokewa watoto watadeka. Jamani tuwakumbuke Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, kule India 2022, mara yetu ya kwanza kabisa kucheza Kombe la Dunia, wakaanza kwa kupigwa 4-0 na Japani, siku 3 baadae wakamfunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare 1-1 na Kanada wakaingia robo fainali. Mabinti wa chini ya miaka 17! Mtoto anayeogopa kukosea hanyanyuki hivyo ndani ya siku 3.

Nimemhamisha timu. Kocha wa sasa nae mkali, mazoezi saa 10 kamili na ukichelewa unazunguka uwanja, ila dogo akikosea anamwita pembeni anamwonyesha mguu ulipotakiwa kuwa, anamwambia rudia. Kona na faulo anawaachia wapangane wenyewe nani apige, na hata yule wa benchi ana uhakika wa kuingia.

Na sisi wazazi tuache kuahidi buku mbili kwa kila goli, nimeona mtoto ameacha kutoa pasi kabisa kwa ajili ya hiyo hela.

Ombi langu kwa TFF, shirikisho letu la mpira, kwenye kozi za makocha wa vijana wafundisheni kwa kirefu namna ya kuongea na mtoto aliyekosea, na kwenye mashindano kama UMITASHUMTA ya shule za msingi kocha anayetukana watoto atolewe kwenye benchi siku hiyohiyo.

Mzazi, Mbagala, Dar es Salaam