Barua kwa mwanangu: mkono huo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mama yako. Tumefurahi mno kwamba umechaguliwa kupiga piano kwenye onyesho. Lakini habari ya kifundo cha mkono umeipitia mbiombio. "Kinauma kidogo tu." Kidogo ndiyo kiasi gani, mama? Kinauma ukipiga piano, au hata ukishika kijiko?

Wenzako watatu wamegawiwa sehemu nyingine za ile Konserto ya Mto Njano, ule muziki wa Kichina wa piano na okestra, wewe ukaangukiwa na ya nne, Linda Mto Njano. Nimeitazama kwenye simu. Nimeona mpigaji anavyozishindilia oktava, zile noti mbili zilizoachana zinazotaka mkono upanuke, kwa mikono yote miwili, okestra nzima ikiwa nyuma yake, halafu mwishoni unaingia wimbo wa Mashariki ni Mwekundu, ule wa kumsifu Mao. Hawakuweza kukupa ya tatu, ile inayoanza na filimbi ya mwanzi? Najua utasema ya nne ndiyo inayoinua watu vitini. Haya, hongera, nami najivuna mtaani. Ila mkono.

Wala usiniambie kwamba muziki wa kupigania nchi lazima upigwe kwa nguvu. Xian Xinghai, mtunzi wa Kichina, huyo ambaye chuo chenu kimepewa jina lake, mwaka 1939 kule Yan'an, Wajapani wakiwa wameivamia China, muziki huo wa Mto Njano aliwatungia waimbaji. Huu wa piano ulikuja 1969, kwa mpiga piano Yin Chengzong na wenzake, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ambapo piano ilikuwa ikihesabiwa kuwa chombo cha mabepari. Ilibidi ingurume kimapinduzi ndipo ipone. Ndiyo maana ina mikiki yote ile. Wewe huna piano ya kuokoa. Una mkono mmoja wa kulia.

Mwambie mwalimu wako leo. Si baada ya onyesho, leo. Hujui kusema umechoka, na hilo umelitoa kwangu. Yale ya wakati ule, uliposema unaumwa nikakwambia umalize zoezi kwanza, yalikuwa mambo ya mtihani. Tusiyarudie.

Na ule wali, ule. Ulivyo kwenye picha umekonda.

Huku Tanga mvua imetuandama. Kinanda chako nimekisogeza chumbani kwetu, maana bati la sebuleni linavuja upande ule ule. Fundi kasema atakuja Jumamosi, na unamjua fundi. Mdogo wako anakigusa nisipokuwepo, nasikia mpaka barabarani, hana mkono kama wako lakini sijamkataza. Ada iliyobaki nitatuma machungwa ya Muheza yakishauzwa. Bibi yako anataka ile dawa ya kuchua ya kikopo uliyomletea likizo. Imekwisha, alikuwa akiigawa kwa majirani. Ukija mletee mbili, na nyingine ununue sasa hivi, ujichue wewe.

Mpigie mama yako kabla ya kupanda jukwaani. Ukimpigia baada, hatalala siku hiyo, na mimi sitalala.

Baba yako