Mwanangu, anza na kalori 2000

Korogwe, Jumapili

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na habari za vipimo vyako nimezipata kwa mkeo. Kilo 104, sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.4, presha iko juu kidogo. Daktari amekuambia kisukari hakijafika ila kiko njiani, na ukipunguza uzito unaweza kukizuia. Ni kweli kabisa, na nimefurahi kwamba umelichukulia kwa uzito. Lakini mkeo akaniongezea kwamba tangu siku ile unakula mlo mmoja, na kwamba utingo wako amekuonyesha kwenye simu mpango wa kalori 1000 kwa siku. Hapo ndipo usingizi uliponikimbia. Nimeandika kwenye karatasi ili uikunje uiweke ndani ya gari na uisome ukiwa umeegesha, maana mambo ya hesabu hayasikilizwi mtu akiwa anashuka Kitonga na tani thelathini mgongoni.

Baba, dereva mwenye njaa ni dereva anayetetemeka mikono, anayeona kizunguzungu, anayekasirikia kila gari linalompita. Kabla ya hesabu yoyote ya kitambi, hilo kwangu ni la kwanza.

Sasa tuhesabu. Mwili wako unatumia nishati, ambayo tunaipima kwa kalori, hata ukiwa umelala: moyo unapiga, ini linafanya kazi, ubongo haupumziki. Ni kama lori lako kwenye foleni ya Tunduma, halisogei hata hatua, lakini injini ikiwa inaunguruma dizeli inakwenda. Kiasi hicho cha kulala tu kinaweza kukadiriwa. Kuna kanuni iliyochapishwa mwaka 1990, inaitwa Mifflin-St Jeor, ambayo wataalamu wengi wa lishe huanza nayo. Unachukua kilo zako mara 10, unajumlisha sentimita za urefu wako mara 6.25, unatoa umri wako mara 5. Mwanaume anaongeza 5, mwanamke anatoa 161. Wewe una kilo 104, sentimita 172, miaka 34. Kwa hiyo 1040, jumlisha 1075, toa 170, ongeza 5. Jibu ni kalori 1950 kwa siku.

Hizo ni za mtu aliyejilaza kutwa nzima. Wewe unashinda kwenye usukani, lakini pia unapanda na kushuka, unafunga turubai, unazunguka kukagua matairi. Nimezidisha kwa 1.3, nikapata kama 2500. Mtu anayelima kutwa angezidishiwa zaidi, ila kazi yako ni ya kukaa na lazima tuseme hivyo. Ukila 2500 utabaki pale ulipo. Ukitoa 500 zinabaki 2000, na hiyo ndiyo namba yako ya kuanzia. Ziangalie tena zile 1000 za kwenye simu: ni karibu nusu ya kile ambacho mwili wako ungehitaji ukiwa kitandani tu.

Najua utasema mama anaogopa njaa, wanaume wanavumilia. Wacha nikusimulie wanaume waliovumilia. Mwaka 1945, kule Minnesota, Marekani, profesa Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, akawalisha kama kalori 1570 kwa siku kwa miezi sita, huku wakitembea kilomita 35 kila wiki. Alitaka kujua jinsi ya kuwahudumia watu walioumizwa na njaa ya vita. Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini miguu ilivimba, walisikia baridi wakati wa joto, walikuwa wakali, hawakuweza kuwaza kingine ila chakula. Wapo waliokaa wakisoma vitabu vya mapishi kama mtu anavyosoma riwaya. Walipofunguliwa, baadhi yao walikula hadi wakaumwa na bado wakasema hawajashiba. Kweli wale walikuwa wembamba tangu mwanzo na wewe una akiba, kwa hiyo mwili wako hautafika huko upesi. Hata hivyo njaa kali inamfuata mtu kwa njia ile ile: wiki mbili za ushujaa, halafu usiku mmoja Makambako unakula kuku mzima na chipsi sahani mbili, na asubuhi unajiona huna maana. Kliniki niliwaona wengi wakirudi hivyo, na uzito ukiwa umezidi ule wa kwanza. Tena anayepungua kwa kasi kubwa anajiweka kwenye hatari ya mawe kwenye kifuko cha nyongo, na anayeyusha misuli pamoja na mafuta. Mipango ya kalori 800 ipo, ila ni ya watu walio chini ya jicho la daktari, na wewe daktari wako uko naye mara moja kwa miezi mitatu.

Hizo 500 za kutoa utazipata wapi? Hapa nisikilize vizuri. Kabla hujagusa tonge la ugali, angalia unachokunywa. Soda ya mililita 350 ina kama kalori 140. Mkeo anasema ukiwa safarini soda tatu ni za kawaida. Hizo ni 420. Kijiko kidogo cha sukari ni kalori 16; chai yako ina vijiko vitatu, na vikombe havipungui vinne kwa siku. Hizo zinakaribia 200. Umeshavuka 600, na hakuna hata moja iliyokushibisha. Bia ya nusu lita nayo ina kama 200. Ukihamia kwenye maji, na chai ukainywa bila sukari au na nusu kijiko mpaka ulimi uzoee, kazi kubwa umeimaliza na bado unakula kama binadamu.

Kitu cha pili ni mafuta ya kupikia. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kinabeba kama 120. Ndiyo maana chapati moja ya mama ntilie, ile laini inayong'aa, inafika kama 300, na sahani kubwa ya chipsi mayai inaweza kupita 900. Mahindi ya kuchoma, viazi vya kuchemsha, samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, vyote hivyo viko barabarani na vinashibisha.

Nimekupangia siku moja uone kwamba 2000 si adhabu. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha, chapati moja, chai ya maziwa bila sukari: kama 500. Mchana wali wa kawaida, usiwe mlima, gramu 250 hivi ukishaiva, na maharage na mchicha: kama 650. Jioni ugali wa unga gramu 120, samaki wa kutosha na mboga za majani: kama 700. Zinabaki 150, nazo ni za embe moja au nusu parachichi, na ukiwa unapita kule juu parachichi hazikosekani. Maharage, mayai, samaki na dagaa usivipunguze. Protini inakaa tumboni na inalinda misuli wakati mafuta yanayeyuka. Ukitaka kula nyama choma kula, toa yale mafuta ya pembeni na upunguze ndizi za kukaanga.

Programu za simu mara nyingi hazijui makande wala kisamvu cha nazi, zinakubahatishia. Yapo majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo cha Harvard. Nitamwomba dada yako akuchapishie kurasa za vyakula vyetu. Kwa wiki mbili za kwanza andika kila kitu, hata karanga za mkononi. Gramu 30 tu zina kama 170. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu waliokuwa wakilalamika kwamba hawapungui hata wakila kidogo. Wakakuta wanakula karibu mara mbili ya walichokiandika. Hawakuwa waongo, baba. Chakula cha kuonjaonja kinasahaulika.

Kuhusu mizani: wiki ya kwanza unaweza kupungua kilo mbili ukashangilia. Sehemu kubwa ni maji, kwa sababu wanga uliohifadhiwa mwilini hukaa na maji yake. Baadaye itakuwa kama nusu kilo kwa wiki, halafu chini ya hapo. Watu hupiga hesabu kwamba kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7700, hivyo 500 kwa siku zitaendelea kuleta nusu kilo milele. Haziendelei. Mwili ukipungua unahitaji kalori chache kuliko mwanzo, na wenyewe unabana matumizi. Kwa hiyo jipime mara moja kwa wiki, mizani ile ile, asubuhi, kabla ya chai. Chumvi ya supu ya jana inaweza kuongeza kilo nzima ya maji, usiitazame namba ya siku moja. Ukikaa wiki nne bila mabadiliko, kwanza kagua daftari lako, ndipo upunguze 150 au 200. Ukishapungua kilo saba piga hesabu upya. Usishuke chini ya 1700 bila kuongea na daktari.

Na kilo saba nimezitaja kwa makusudi. Mwaka 2002 Marekani walichapisha utafiti wa watu waliokuwa na sukari ya kukaribia ugonjwa kama wewe. Walioelekezwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, kuliko hata waliopewa vidonge. Asilimia 7 ya 104 ni kilo saba na kidogo. Huhitaji kurudi kwenye suruali ya sekondari. Kwa 2000 zako na dakika ishirini za kuzunguka yadi kila unapoegesha, chukua miezi mitano au sita, sina haraka na wewe usiwe nayo.

Watu watasema. Kwetu kitambi bado kinaitwa mafanikio, na anayekonda anaulizwa anaumwa nini, tena kwa sauti ya chini. Mkeo nimeshamweleza, na shangazi yako atakaponipigia nitamjibu mimi.

Jambo la mwisho ni dawa. Sasa hivi hujapewa za sukari. Ikitokea ukaandikiwa, mwambie daktari kwamba umepunguza chakula, kwa sababu baadhi ya vidonge na sindano vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi kwa mtu anayekula kidogo, na wewe hilo halipaswi kukukuta ukiwa barabarani. Presha nayo ipimwe kila unaporudi Dar. Kesho asubuhi kunywa chai, kula mayai yako mawili, na ukifika Tunduma nitumie ujumbe wa ulichokula siku nzima, hata kama ni chipsi. Nitakuhesabia mimi mpaka uzoee.

Nakupenda sana, baba.

Mama yako