Barua kwa mwanangu kuhusu masharti yake matatu

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, nimeyatafakari masharti uliyonisomea kwa simu: mume awe na elimu ya juu, mshahara wa juu na kimo cha kukupita. Nilishtuka, kwa kuwa ndiyo niliyoyasikia Tokyo nilipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wasichana wa huko waliyaita sanko, yaani "tatu za juu".

Mama mwenye nyumba niliyopanga alinieleza kwamba katika ujana wake, miaka ya 1960, walisema mume awe na nyumba, awe na gari, na "baba" asiwepo. Baba kwa Kijapani ni bibi kizee, na hapo alikusudiwa mama mkwe. Alikuwa akimenya figili ndefu nyeupe, na mwanawe wa kiume, ambaye alikuwa karibu kuoa, ameketi pembeni. Kisu kikasimama mkononi mwake kwa muda, kisha akaendelea kumenya kimya.

Soko lao la hisa lilifika kilele Desemba 1989, kisha bei za hisa na za ardhi zikaporomoka, na ajira ya kampuni kubwa, iliyodhaniwa kuwa ya maisha, ikaanza kutiliwa shaka. Miaka ilivyosonga ndipo lilipozuka neno santei, "tatu za chini": mume asiyejikweza mbele ya mkewe, asiyemtwisha mkewe kazi zote za nyumbani, na mwenye kazi isiyoyumba. Wengine wakasema sanhei: kipato cha wastani, sura ya kawaida, tabia ya utulivu.

Mimi naona kila kizazi kilitaja kile kilichohofia kukikosa, nawe mwanangu nakuomba ujiulize unahofia nini. Katika hayo yote, lililonigusa zaidi ni lile la kazi za nyumbani, kwa maana nimemwona mama yako akichoka miaka mingi nami sikumsaidia ipasavyo.

Kijana anayekuposa ni mfupi, na mshahara wake wa ualimu ni wa kawaida. Lakini alipokuja kwetu na wazee wake, tulipomaliza kula alikusanya sahani, akapangusa mkeka, akapeleka vyombo uani bila kuambiwa.

Mshenga atarudi Jumamosi baada ya Idi. Sitampa jibu lolote kabla sijapata neno lako.

Ni mimi baba yako.